Chupa ya Akiba na Kiungio Chake: Namna ya Kuzinywesha Seli Nje ya Mwili

Mgema apandapo mnazi alfajiri, hukuta katika kibuyu chake maji matamu yaliyodondoka usiku kucha kutoka katika karara lililokatwa ncha. Maji hayo yalipokuwa bado ndani ya mti hayakuwa na vijidudu vya kuyachachua. Hata hivyo, saa chache baada ya kuteremshwa huanza kutoa povu, na ifikapo jioni yamekwisha kuwa tembo kali. Mti haukubadilika. Kilichotokea ni kwamba utomvu ulikutana na viini vya hamira na bakteria waliokuwa wakiungojea mahali pawili: penye kidonda cha karara na katika kuta za kibuyu. Mgema ajuaye kazi yake, atakapo tembo tamu, hahangaiki na mti. Huosha kibuyu na kuchonga kidonda upya.

Makala haya hayahusu tembo. Yanahusu kazi moja ya maabara ambayo kwa sura ya nje haifanani kabisa na ugemaji, lakini ikichunguzwa huonekana kuwa ni ugemaji uliogeuzwa kinyume. Mgema huchukua maji kutoka katika kiumbe hai na kuyatia chomboni. Mtafiti wa seli huchukua maji ya lishe kutoka chomboni na kuyapeleka kwa kiumbe hai. Kote kuwili uharibifu huingilia katika chombo na katika maungio. Wengi waandikao juu ya utafiti huu hukisifu kibao kinachobeba seli, nacho kwa hakika ni kitu cha ajabu. Sisi tutaizungumzia chupa inayokilisha kibao hicho, pamoja na kiungio kinachoviunganisha, kwa sababu hapo ndipo majaribio mengi yanapofia.

Kwa nini seli zinyweshwe mfululizo

Seli ni chembe ndogo iliyo hai, ambayo kwayo mwili wa kila mnyama na kila mmea umejengwa. Mwaka 1907 Ross Harrison wa Marekani alifaulu kuotesha nyuzi za neva za kiinitete cha chura katika tone la limfu lililoning'inizwa chini ya kipande cha kioo. Tangu hapo wataalamu wamejua kwamba seli za mnyama zaweza kuishi na kukua nje ya mwili wake. Mahitaji yake ni machache lakini hayana msamaha. Seli za binadamu hutaka joto la nyuzi 37 za Sentigredi, hutaka chumvi, sukari, vitamini na asidi za amino kwa viwango maalumu, hutaka oksijeni, na aghalabu huwekwa katika kabati lenye hewa iliyochanganywa na asilimia 5 ya gesi ya kabonidayoksaidi, ambayo hushirikiana na bikaboneti iliyomo katika maji ya lishe kuyazuia yasigeuke asidi wala alkali.

Desturi iliyoenea ni kuziweka seli katika kisahani, kuzimwagia maji ya lishe, kisha kila baada ya siku mbili au tatu kuyaondoa yaliyochakaa na kutia mapya. Katika maji hayo hutiwa rangi iitwayo fenoli nyekundu, na mtafiti huisoma kama mama asomavyo uso wa mtoto: ikiwa nyekundu, mambo ni mema, ikigeuka manjano, seli zimekaa mno katika taka zao.

Mwilini mambo hayaendi hivyo. Hakuna seli ilishwayo Jumatatu ikaachwa kungoja hadi Alhamisi. Damu hupita wakati wote, na seli nyingi haziko mbali na kimshipa chembamba cha damu kwa zaidi ya sehemu moja au mbili za kumi za milimita. Mtiririko wenyewe una kazi yake pia, mbali na kupeleka chakula. Seli zinazotandikwa ndani ya mishipa mikubwa huihisi nguvu ya damu inayozisugua, nazo hujipanga na kurefuka kuelekea upande wa mtiririko. Zikikuzwa katika maji yaliyotuama, hazijipangi. Kwa hiyo mtafiti atakaye kujua namna dawa fulani itakavyotenda katika ini au katika mshipa, akiziuliza seli zilizokaa katika dimbwi, huenda akapewa jibu la dimbwi.

Hii ndiyo sababu ya vibao vya mifereji. Mwaka 1998 kundi la George Whitesides wa Chuo Kikuu cha Harvard lilieleza njia nyepesi ya kutengeneza mifereji myembamba kwa kumimina mpira laini wa silikoni juu ya kalibu, kisha kuubandika juu ya kioo. Tangu hapo maabara nyingi zimekuza seli katika vibao visivyozidi ukubwa wa kioo cha darubini. Mwaka 2010 watafiti wa Harvard, miongoni mwao Dan Huh na Donald Ingber, walitangaza kibao kilichoiga pafu: mifereji miwili iliyotenganishwa na utando wenye vitundu na unene wa sehemu moja ya mia ya milimita, upande mmoja seli za pafu zikipata hewa, upande wa pili seli za mishipa ya damu zikipitiwa na maji ya lishe, na utando huo ukivutwa na kuachiliwa kana kwamba unapumua. Desemba 2022 Marekani ilipitisha sheria iliyoondoa sharti la kwamba kila dawa mpya lazima ijaribiwe kwanza kwa wanyama, na kuruhusu ushahidi wa majaribio ya namna hii uwasilishwe. Kuanzia hapo jibu la kibao likawa na uzito mkubwa kuliko hapo awali, na kibao kilichooza au kukauka katikati ya jaribio si hasara ya mtafiti peke yake.

Tufanye hesabu kidogo. Mfereji wenye upana wa milimita 1, kimo cha milimita 0.1 na urefu wa milimita 20 una ujazo wa mikrolita 2. Tone moja la maji lidondokalo bombani ni kiasi cha mikrolita 50. Yaani mji mzima wa seli umo ndani ya nafasi iliyo sehemu moja ya ishirini na tano ya tone. Mji huo ukinyweshwa mikrolita 1 kwa dakika, maji yake yote hubadilishwa kila baada ya dakika 2. Kwa siku moja utatumia mililita 1.44, na kwa juma zima mililita 10 na kitu kidogo. Bomba la sindano la mililita 10, lile linalouzwa katika kila duka la dawa, lingekaribia kuwa ghala ya juma zima. Hesabu ni nyepesi. Taabu ni kuifanya ghala hiyo ikae juma zima bila kuingiliwa.

Moyo wa kifaranga na pampu ya rubani

Taabu hiyo ni ya zamani kuliko vibao. Alexis Carrel alikuwa daktari mpasuaji Mfaransa aliyefanya kazi katika Taasisi ya Rockefeller mjini New York, na aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1912. Januari ya mwaka huohuo alianza kukuza vipande vya moyo wa kiinitete cha kifaranga. Carrel alikuwa mkali mno katika usafi: watu wa maabara yake walivaa majoho meusi yenye vifuniko vya kichwa, na hakuna aliyeingia bila utaratibu. Wasaidizi wake walihamishia seli hizo katika lishe mpya tena na tena, mwaka hata mwaka, na ukuzaji huo ukaendelezwa hadi 1946, miaka miwili baada ya Carrel mwenyewe kufariki. Dunia ikaamini kwamba seli ikilishwa vyema haifi.

Mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha kwamba seli za kawaida za binadamu hugawanyika yapata mara 50, kisha hukoma. Ikawaje basi moyo wa kifaranga ukaishi miaka 34? Maelezo yaliyokubaliwa na wengi ni kwamba lishe iliyotumika ilikuwa na majimaji yaliyokamuliwa kutoka katika viinitete vya kuku, na kwamba kila ilipotiwa, seli mpya chache ziliingia pamoja nayo. Kama ndivyo, majoho meusi yalikuwa yakilinda mlango wa chumba, ilhali mgeni aliingia kwa njia ya chombo cha lishe, na akaudanganya ulimwengu kwa karibu miaka hamsini.

Carrel alitaka kusonga mbele, kutoka seli chache hadi ogani nzima. Hapo alikwama. Ogani hailishwi kwa kumwagiwa. Yapasa lishe isukumwe ndani ya mshipa wake kama moyo usukumavyo damu. Pampu za wakati ule zilikuwa na sehemu zinazosogea, na kila mahali chuma kilipopenya katika chombo palikuwa na upenyo. Bakteria waliingia, ogani ikaoza.

Aliyemtoa katika shida hiyo alikuwa rubani. Charles Lindbergh, yule aliyevuka Bahari ya Atlantiki peke yake kwa ndege mwezi Mei 1927, alikuwa na shemeji mwenye ugonjwa wa moyo, naye alishangaa kuona kwamba hapakuwa na mashine ya kuushikia moyo kazi yake wakati wa kupasuliwa. Akajulishwa kwa Carrel. Pampu aliyoibuni, ambayo ilitangazwa mwaka 1935, ilikuwa ya kioo, yenye vyumba vilivyopandana. Chini palikuwa na hodhi ya maji ya lishe, na juu palikuwa na chumba cha ogani. Hapakuwa na mhimili wala pistoni iliyopenya ukuta wa kioo. Maji yalipandishwa kwa nguvu ya gesi iliyoongezwa na kupunguzwa kwa mapigo, na gesi hiyo ilipitishwa kwanza katika pamba iliyotakaswa ili vijidudu vinaswe humo. Yakiisha kupita katika mshipa wa ogani, maji yalirudi hodhini kwa uzito wake yenyewe. Mwezi Aprili 1935 tezi ya thairoidi ya paka iliwekwa humo, ikanyweshwa kwa siku 18.

Mwandishi anaiona pampu hiyo kuwa ndiyo babu wa kila chupa ya akiba iliyoko leo juu ya meza za watafiti wa seli. Ndani yake mna mambo matatu yasiyozeeka: maji husukumwa na hewa au na uzito wake badala ya kitu kinachoyagusa, hewa iingiayo huchujwa, na kati ya hodhi na kilicho hai hapafunguliwi mlango.

Maadui wawili, mlango mmoja

Bakteria aitwaye Escherichia coli, akipata lishe na joto, hujigawa kila baada ya dakika 20. Mmoja huwa wawili, wawili huwa wanne. Baada ya saa 8 amejigawa mara 24, na ukoo wake unazidi milioni 16. Seli ya binadamu maabarani huchukua yapata siku nzima kujigawa mara moja. Mashindano hayo hayahitaji mwamuzi. Neno "kutakasa", kama litumikavyo hapa, lina maana ya kutobakiza hata kijidudu kimoja kilicho hai. Kusafisha kwa kiwango cha jikoni, hata jiko la mtu mwenye wasiwasi, hakutoshi.

Wapo wanaoona kwamba penisilini na streptomaisini zikitiwa katika lishe zitamaliza kazi. Zinasaidia, lakini zina hila yake. Vijidudu viitwavyo maikoplazma havina ukuta wa seli, na penisilini huua kwa kuuharibu ukuta huo. Kwa hiyo penisilini haivigusi. Vingine ni vidogo na laini kiasi cha kuweza kupenya kichujio cha mikromita 0.22 ambacho huzuia bakteria wa kawaida. Havichafui rangi ya maji, havitoi harufu, wala havionekani kwa darubini ya kawaida. Huishi na seli na kuzibadilisha tabia kimyakimya. Maji yaliyogeuka manjano na kuwa na ukungu ni msiba ulio wazi. Msiba uliofichika humfanya mtafiti atangaze matokeo yasiyo kweli.

Adui wa pili hana uhai. Ni kiputo cha hewa. Katika ndoo ya maji kiputo ni mchezo wa watoto, lakini katika mfereji wenye kimo cha milimita 0.1 ni gogo lililoangukia barabarani. Uso wa maji una mvuto kama ngozi iliyowambwa, na kadiri mfereji uwavyo mwembamba ndivyo ngozi hiyo inavyohitaji nguvu zaidi ili ipinde na kuingia. Kwa mfereji tulioupigia hesabu, kiputo kilichofika mlangoni huhitaji kanieneo ya safu ya maji ya sentimita 10 hadi 16 ili kisukumwe ndani. Chupa iliyotundikwa sentimita 10 juu ya kibao haiwezi kutoa zaidi ya hizo 10. Basi kiputo kimoja hushindana na chupa nzima, na mara nyingi hushinda. Mtiririko hukoma, na seli zilizo mbele yake hufa njaa. Kikipita, ni balaa nyingine: mpaka wa hewa na maji hupita juu ya seli kama ukingo wa kisu na kuzing'oa au kuzipasua.

Viputo hutoka wapi? Baadhi hutoka ndani ya maji yenyewe. Maji baridi hubeba hewa nyingi iliyoyeyuka kuliko maji ya uvuguvugu, na lishe iliyotolewa kwenye jokofu ikapelekwa moja kwa moja katika joto la nyuzi 37 huiachilia hewa hiyo ndani ya mifereji. Dawa yake ni subira: kuipasha lishe joto mapema, chupa ikiwa wazi kwa njia ya kichujio, kabla ya kuiunganisha. Vingine huingia maungioni. Hapa pana jambo ambalo wageni wa kazi hii hawalitambui upesi. Maji yakisukumwa kutoka chupani, kiungio kilicholegea huvuja nje, na tone huonekana juu yake; makosa hujitangaza. Maji yakivutwa kutoka upande wa pili wa kibao, kiungio hichohicho hufyonza hewa kuingia ndani, na hewa huja na vijidudu. Nje pamekauka na hakuna anayeshuku. Kwa sababu hiyo, pasipokuwa na sababu kubwa ya kuvuta, ni heri kusukuma.

Chupa yenyewe

Chupa ya akiba iliyofikiriwa vyema ina kifuniko chenye matundu matatu. Kwenye la kwanza hupita mrija ufikao karibu na chini, ambao ndio njia ya lishe kwenda kwenye kibao. La pili ni la hewa. Msomaji aliyewahi kulazwa hospitalini na kutundikiwa dripu ya chupa ya kioo atakumbuka sindano ya pili iliyochomwa kwenye kizibo bila kuunganishwa na kitu: bila hiyo, kadiri maji yanavyotoka, chupa hubaki na utupu juu yake na mtiririko hukoma. Katika chupa ya seli njia hiyo ya hewa hufungwa kwa kichujio cha mikromita 0.2 kilichotengenezwa kwa utando usiopenda maji. Kichujio hicho kikilowa kwa sababu mtu ameilaza chupa au ameitikisa, vitundu huziba, hewa hukatika, na mtiririko hufa polepole bila ya kuvuja popote. Makosa haya ni madogo, nayo hula siku nzima ya mtu kabla hajayatambua. Tundu la tatu ni la kuongezea lishe, ili kifuniko kisifunguliwe kamwe.

Nguvu ya kusukuma yaweza kutoka katika pampu yenye magurudumu yanayoukamua mrija wa mpira kutoka nje, au katika mota inayosogeza pistoni ya bomba la sindano, au katika hewa iliyobanwa na kuchujwa inayoingizwa juu ya maji. Iliyo rahisi kuliko zote ni uzito wa maji. Chupa ikiwekwa juu ya kibao kwa sentimita 10, hupatikana kanieneo ya kiasi cha sehemu moja ya mia ya ile ya angahewa, nayo inatosha. Umeme ukikatika usiku, kama tuujuavyo, mota husimama, uzito hausimami.

Uzito nao una kasoro yake. Kinachousukuma mtiririko ni tofauti ya urefu kati ya uso wa maji katika chupa ya juu na uso wa maji katika chombo kinachopokea. Uso wa juu ukishuka sentimita 1 kati ya 10, mtiririko umepungua kwa sehemu moja ya kumi. Tiba mojawapo ni chombo kipana na kifupi, ambacho uso wake hushuka kidogo sana. Nyingine ni ya karne ya 17, nayo inahusishwa na Mfaransa Edme Mariotte: chupa hufungwa barabara, na mrija wa hewa huzamishwa ndani ya maji, kanieneo hupimwa kuanzia ncha ya chini ya mrija huo, hata maji yaliyo juu yake yakipungua. Ni mbinu nzuri kwa mtu asiye na mashine.

Kuhusu vifaa vya kutengenezea, jambo linaloamua ni namna ya kutakasa. Mvuke wenye joto la nyuzi 121 kwa dakika 15 hadi 20 ndio hakimu wa kuaminika. Kioo, mpira wa silikoni, polipropilini na polikaboneti huvumilia. Polistirini, ambayo ndiyo plastiki ya visahani vya seli, hujikunja, kwa hiyo hutakaswa kiwandani kwa miali ya gama au kwa gesi. Mpira wa silikoni una tabia mbili za kuangaliwa: hupitisha mvuke wa maji, na hunyonya baadhi ya dawa zisizopenda maji. Ikiwa chupa, mirija na kibao vyote ni vya silikoni, mtafiti apimaye dawa huenda akaipima iliyobaki baada ya mrija kunywa fungu lake.

Koni ya Luer na namna ya kuunga

Chupa njema isiyoungika kwa urahisi ni hatari kuliko chupa hafifu inayoungika, kwa sababu mikono ikihangaika ndipo ncha ya mrija igusapo meza. Bahati njema ni kwamba suluhisho kubwa liko katika kila zahanati. Mwishoni mwa karne ya 19, nyumba ya Luer ya mjini Paris, iliyotengeneza vyombo vya tiba, ilitoa bomba la sindano la kioo ambalo ncha yake ni koni yenye mteremko wa asilimia 6: kwa kila milimita 100 za urefu, kipenyo hupungua milimita 6. Koni ya kiume ikisukumwa ndani ya koni ya kike, hushikana bila ya gundi wala mpira. Baadaye ikaongezwa hesi ya nusu mzunguko ili isichomoke. Leo sindano ya kiwanda kimoja huingia katika bomba la kiwanda kingine popote duniani. Mtafiti aliyekipa kibao chake tundu la koni hiyo amejipatia, bila gharama, mabomba, vichujio, mirija na vali zote za hospitali, zikiwa zimetakaswa na kufungwa moja moja katika karatasi.

Urahisi huo una upande wake wa kiza. Hospitalini, kwa kuwa kila kitu kiliingia katika kila kitu, palitokea mara kadhaa chakula cha mrija wa tumboni kikaunganishwa na mshipa wa damu. Ndiyo maana viwango vya kimataifa vya mfululizo wa ISO 80369 vimetenga maumbo mbalimbali kwa matumizi mbalimbali, na koni ya Luer ikaachiwa mishipa na sindano. Kwa mtafiti wa seli kasoro ya Luer ni nyingine: shimo lake ni kubwa mno kwa ulimwengu wake. Nafasi iliyobaki ndani ya kiungio yaweza kushika maji mara nyingi kuliko mfereji wenyewe, na ni pango zuri la kiputo.

Namna ya kuunga hufundishwa kwa mkono, lakini tutajaribu kuieleza. Sehemu zote mbili hupanguswa kwa alkoholi ya asilimia 70. Si 95, kwani alkoholi isiyo na maji ya kutosha haiharibu vyema protini za kijidudu. Kisha lishe husukumwa kidogo mpaka tone litokeze, livimbe kwenye ncha ya mrija. Kwenye tundu la kibao pia huachwa tone lililovimba. Matone hayo mawili hukutanishwa kwanza, yakawa maji mamoja, na ndipo koni husukumwa ndani. Hewa haina pa kukaa. Atakayeunga kavu kwa kavu amejifungia kiputo mwenyewe.

Baadhi huweka kichujio cha mikromita 0.2 kinachopenda maji kati ya chupa na kibao. Utando wake ukiisha kulowa huzuia bakteria, na huzuia viputo pia, kwani nguvu ya kupenyeza hewa katika vitundu hivyo ni kubwa mara nyingi kuliko ile ya chupa ya sentimita 10. Lakini hewa ikikusanyika nyuma yake huziba njia, na bakteria walionaswa wakiachwa siku nyingi huweza kukua hadi upande wa pili. Ni mlinzi wa zamu, si wa kudumu. Katika benki za damu hutumika njia iliyo kali zaidi: mirija miwili ya plastiki iliyofungwa hukatwa kwa bapa lenye moto mkali, na ncha zake zikiwa bado laini hubandikwa pamoja, hata kusiwe na wakati ambapo ndani paliona hewa ya nje.

Mwaka 2022 kilitolewa kiwango cha kimataifa, ISO 22916, kuhusu vipimo na maungio ya vibao vya mifereji, ili kibao cha maabara moja kiweze kukaa juu ya chupa ya maabara nyingine. Huko nyuma kila kundi lilitoboa matundu yake lipendavyo.

Si kila ukuzaji uhitaji haya yote. Mwaka 1976, katika taasisi ileile ya Carrel, ambayo wakati huo ilikuwa imekuwa Chuo Kikuu cha Rockefeller, William Trager na James Jensen walitangaza kwamba wamefaulu kukuza mfululizo vimelea vya malaria ya binadamu, Plasmodium falciparum, katika seli nyekundu za damu. Walitumia chombo cha mtiririko, ambamo lishe ilipita polepole juu ya seli zilizotulia. Na pia walitumia visahani vya kawaida ndani ya mtungi wa kioo uliowashwa mshumaa, ukafungwa, ukaachwa uzime wenyewe, ili oksijeni ipungue na kabonidayoksaidi iongezeke. Mshumaa ndio ulioenea duniani. Mtu akiweza kupata jibu kwa mshumaa, asijitwike mirija.

Ila kwa yule ambaye swali lake ni la mtiririko wenyewe, siku ya kubadili chupa ndiyo siku ya kuogopwa. Chupa mpya huwa imekwisha kukaa kabatini tangu jana, lishe yake ikiwa na joto lilelile na rangi ileile. Vali ya njia tatu iliyo karibu na kibao hufungwa, ili kiungio cha kibao kisiguswe kabisa. Kinachofunguliwa ni kile cha mbali. Alkoholi, tone kwa tone, koni, hesi. Lishe mpya huachiwa kwanza ipite kwenye tundu la pembeni la vali na kutupwa, ili kilichoingia wakati wa kuunga kitoke nayo, na ndipo vali hugeuzwa kuelekea kwenye kibao. Chupa ya zamani haitupwi. Hurudishwa kabatini ikiwa na mabaki ya lishe ndani yake, ikakaa siku mbili au tatu. Ikiendelea kuwa nyekundu na angavu, mtafiti ana sababu ya kuyaamini yale aliyoyaona juma lililopita. Ikigeuka manjano, huyafuta katika daftari lake na kuanza upya.